Ekari Kumi na Nne kwa Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi

Tumekwenda tena ofisi ya kilimo. Watu saba wa kikundi chetu cha wakulima, kwa miguu. Mwenyekiti anasema nauli ya kufuatia haki ni hela iliyotupwa, bora inunue chumvi.

Agizo limetoka juu: majina ya wote waliolipwa ruzuku ya kilimo yabandikwe hadharani, na ekari zao, kila mwenye macho asome. Barua ya kulidai agizo hilo litekelezwe niliiandika mimi. Nilichana karatasi nne kabla ya ya tano kukaa sawa. Katibu bwana!

Na kweli, orodha ipo. Imebandikwa. Ukutani, ndani ya kabati la kioo, kabati lina kufuli, na kurasa kumi na tisa zimepigwa pini moja juu ya nyingine. Unaona ule wa kwanza tu, nao ni barua ya utangulizi. Sahihi, mhuri, "kwa ajili ya uwazi na uwajibikaji". Kipaza akabandika pua kwenye kioo akauliza majina yako wapi. Karani akasema yako nyuma. Ufunguo je? Mwenye nao yuko likizo. Anarudi lini? Hakuaga.

Mwenyekiti akamkumbusha agizo. Karani hata hakuinua uso.

"Imeagizwa ibandikwe. Haikuagizwa isomeke."

Nimeyaandika neno kwa neno nisije nikadhani niliota.

Njiani tulirudi tumenuna. Kipaza ni jirani yangu na mweka hazina wetu, sauti yake husikika bonde zima, jina alilipata hapo. Akasema karani yule angefaa kupandwa shambani, kichwa chini. Tukacheka kidogo. Watu hawa walijiandikisha misimu mitatu iliyopita. Walipigwa picha, wakaacha namba za vitambulisho, wakaambiwa subirini ujumbe kwenye simu. Mpaka leo simu ni bubu. Mwenyekiti amepanda bila mbolea misimu yote hiyo, mahindi yake membamba kama njiti za kuchokolea meno.

Mimi pia ujumbe sikupata. Lakini mimi nina mdogo wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja! Pikipiki ya ofisi inalia kwa uzito. Mifuko mitatu ya mbolea, mmoja kwenye tangi, miwili nyuma, na mbegu kwenye begi la mgongoni. "Kutoka mfukoni mwangu, dada." Husema hivyo kila msimu. Nikamfungia jogoo miguu. Akakataa, kama kawaida, akamchukua, kama kawaida.

Ndiye bwana shamba wa eneo letu zima. Mama humwita "serikali yangu".

Nikampa chai na viazi, nikamsimulia kabati la kioo. Nilidhani atacheka. Aliacha kutafuna. Akauliza kikundi kinatafuta nini humo. Nikamwambia majina. Akasema majina hayaliwi. "Dada, ukichokoza nyuki uwe na pa kukimbilia." Kisha akaondoka, chai nusu kikombe.

Amechoka, labda. Kazi zao hazina siku ya kupumzika.

Sitaki kumfikiria vibaya. Miaka tisa iliyopita nilirudi nyumbani kutoka kwenye ndoa, na sanduku moja na jicho lililovimba. Baba alikuwa keshafariki. Baba wadogo walikaa kikao wakasema mwanamke aliyekwisha olewa fungu lake liko kwa mumewe. Mama alitazama chini. Mdogo wangu, siku hizo ndiyo kwanza kaanza kazi, viatu bado vinambana, ndiye aliyesimama. Akasema: dada apewe ekari mbili, zitoke kwenye fungu langu. Hakuna aliyeandika popote. Neno lake tu. Ndilo ninalolima mpaka leo.

Jumatatu, 10 Machi

Kabati limefunguliwa.

Nianze mwanzo. Tulifika saa mbili asubuhi, na vikundi vingine vilikuwa vimesikia. Zaidi ya watu sitini, na vigoda, na miavuli, mama mmoja na ungo wake wa maharage anachambua. Tukakaa barazani. Mwenyekiti alikataza kelele. Tulikaa tu. Anayetaka kuingia ofisini aruke miguu. Saa nane karani akasalimu amri. Ufunguo ulikuwa kwenye droo yake mwenyewe, chini ya kisahani! Watu wakapiga vigelegele kama bibi arusi katoka ndani.

Katibu asome, wakasema. Katibu ana sauti.

Nikapanda kigodani. Kipaza ubavuni, kidole chake kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kwa sababu husoma polepole na hamwamini mtu. Jina, ekari, msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wengine hatuwajui kabisa. Kinyozi wa pale sokoni, ekari tisa! Jembe analolijua yule ni lile la kwenye picha ya kalenda. Watu wakacheka, cheko la meno bila macho. Mwenyekiti hayumo. Kipaza hayumo. Kila nikimaliza ukurasa mtu mmoja anaondoka kimya na kigoda chake.

Ukurasa wa kumi na moja. Jina langu. Majina yote matatu, herufi haikukosewa hata moja. Ekari kumi na nne. Imelipwa. Imelipwa. Imelipwa.

Nilisoma jina la juu yake. Nikasoma la chini yake.

Kidole cha Kipaza hakikusogea.

"Umeruka mstari," akasema. Tangu nimjue, ni mara ya kwanza kusema kwa sauti ndogo.

Nikasema ehe, macho haya. Nikausoma. Ekari kumi na nne. Hakuna aliyecheka. Shamba langu wanalijua, ukisimama mlangoni unaliona lote mpaka kwenye ua wa jirani. Nikaendelea kusoma hadi ukurasa wa kumi na tisa, maana hakuna aliyenyoosha mkono kunipokea karatasi.

Kurudi nilirudi peke yangu. Walikuwa mbele, si mbali. Nikipunguza mwendo, nao wanakaza.

Jumanne, 11 Machi

Sikutoka.

Hesabu yenyewe haihitaji msomi. Ekari mbili haki yake ni mifuko mitatu na mbegu. Ndiyo aliyokuwa akiniletea. Yangu mwenyewe! Ekari kumi na mbili za hewani zimekwenda anakojua yeye. Na mimi nimemshukuru. Nimemfungia majogoo. Msimu wa kwanza nililia kabisa, nikamshika mkono kwa mikono miwili. Nimemsifu kisimani, nimemsifu kwenye mikutano, mbele ya hao hao waliokuwa wanapanda kavu: Mungu awape ndugu kama wangu. Nilisema hivyo mbele ya mwenyekiti!

Kitambulisho alikichukua mwenyewe, mwaka ule wa kujiandikisha. Nipe nikakuandikishie, dada, usiungue jua kwenye foleni. Alikaa nacho wiki nzima. Laini ya simu kwa jina langu, ya kupokelea hiyo ruzuku, inasajiliwa kwa dakika tano. Nami nikaona ni huruma.

Lakini si ekari zinazoniuma. Ni ule mstari. Kwa nini niliuruka? Nilikuwa sijui kitu, naapa sikujua, na bado mdomo ulijua kuruka. Mtu asiye na hatia anaruka?

Jumatano, 12 Machi

Wamekuja watatu. Mwenyekiti alivua kofia mlangoni kama anaingia msibani. Wanataka daftari la mihutasari, mhuri na kidau cha wino. "Ni mpaka mambo yakae sawa, mwanangu."

Nikawaeleza yote. Kitambulisho, mifuko, majogoo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema anaamini. Kisha akauliza:

"Mbolea uliitia shambani?"

Niliitia.

"Mshahara wa bwana shamba unaujua?"

Siujui.

"Ulimuuliza anapata wapi mifuko mitatu kila msimu, sisi tukikosa hata kopo?"

Sikuuliza.

"Basi," akasema. "Hukuuliza." Wala hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana.

Mhuri niliufuta wino kwanza kwa kitambaa, ndipo nikampa. Kipaza hakuingia. Alibaki njiani, mgongo kwangu. Walipomfikia nikamsikia, safari hii kwa sauti yake ya siku zote: sisi wajinga, tulimtuma paka akatulindie maziwa.

Bonde zima limesikia.

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu kaja kwa miguu. Pikipiki imezuiwa. Wakaguzi wamefika kutoka makao makuu, wanne, wanapitia orodha jina kwa jina na kuita watu. Barua yangu ya wito kaileta yeye mwenyewe! Alhamisi ijayo, saa tatu. Kaikunja vizuri, kaitia kwenye bahasha safi.

Nilikuwa nimepanga kupiga kelele. Nikamuuliza tu: kwa nini mimi?

"Kwa nini si wewe? Kila bwana shamba ana majina yake, dada. Mwenzangu kamwandika kinyozi. Mimi nimemwandika mtu ninayemwamini."

Ameniibia kwa kuniamini!

Nikasema hata kuniambia? Akasema ningekuambia ungekataa. Hapo alisema kweli, na ndiyo kweli pekee niliyoipata leo.

Na hela? Eti nyingi hazikai kwake. Zinapanda kwa mkubwa wake, na kwa mkubwa wa mkubwa wake. Yeye ni daraja tu, wanaovuka ni wengine. Nikaikumbuka nyumba yake, nikamwambia ni daraja la kwanza kuliona lililoezekwa bati jipya. Akacheka. Nami nikacheka! Tumekaa pale tunacheka kama zamani, tulipokuwa tunaiba sukari kwa mama. Damu ni kitu kijinga sana.

Kisha akanipangia maneno. Niseme nilikodi ekari kumi na mbili ng'ambo ya mto. Niseme mvua ilikataa, mahindi yakaungua, mwenye shamba akahama. Fedha nilipokea mimi, nikalima, nikapata hasara. Hakuna sheria ya kumfunga mtu kwa hasara. "Ukisema hivyo hakuna aliyeiba. Ukisema vingine..."

Alisimama dirishani akitazama nje.

"Shamba limekaa vizuri," akasema. "Baba wadogo bado wananiuliza habari zake."

Taratibu kabisa. Kama mtu anayesifia hali ya hewa.

Jumapili, 16 Machi

Mama. Kaja na fimbo na kikapu, na goti lake lile baya. Nilijua kabla hajaketi.

Hakuuliza kama ni kweli. Hilo ndilo lililonikata. Alijua? Nikamuuliza. Akasema mzazi hajui, mzazi anaona tu. Aliona bati. Aliona nami nina mbolea. Akaona watoto wake wote wanakula, akanyamaza.

"Wewe ukianguka utaanguka chini, mwanangu, chini ulikozoea. Yeye ataanguka kutoka juu."

Nikasema ahsante mama.

Akaanza kulia, kilio kile kisicho na sauti, anafuta kwa ncha ya khanga. Ana watoto watatu wadogo yule. Mkewe mjamzito. Jela wanakula nini? Nikasema wanakula ruzuku. Hakupenda. Akanishika kidevu, kama nina miaka sita: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe."

Methali nzuri. Mbona haombwi mzaliwa mwingine afe nami? Mbona siku zote ni mimi ninayepelekewa kikapu?

Viazi na kabeji. Nimevipika. Tumekula.

Kabla ya kuondoka akanikumbusha kikao cha miaka tisa. Hakuwa na haja. Kila asubuhi nikishika jembe nakikumbuka.

Jumanne, 18 Machi

Nilikodi ekari kumi na mbili ng'ambo ya mto. Mvua ilikataa. Nilikodi ekari kumi na mbili. Nimelisema labda mara thelathini, jikoni, shambani, nikichota maji. Sasa shamba lenyewe nimeanza kuliona. Lina kichuguu katikati, na sehemu ya chini inatuamisha maji. Nimelilima kichwani mpaka kiuno kinauma.

Nimekata shauri. Nitasema hivyo. Kikundi kitaniita mwizi, lakini wameshaniita, jina halina bei ya pili. Leo sokoni muuza nyanya alinipa chenji kwa kuiweka chini, ili vidole visigusane.

Nafanya kwa ajili ya siku ile moja. Alisimama. Chumba kizima cha wanaume na yeye peke yake alisimama. Siwezi kujifanya sikuona.

Baada ya hapo hatudaiani.

Alhamisi, 20 Machi

Naandikia gotini, kwenye benchi, ofisi ya kilimo. Nilileta daftari hili nirudie maneno yangu, sasa siwezi hata kuyasoma. Niandike upesi kabla hawajaniita.

Benchi moja, sisi watatu. Mdogo wangu, mimi, na pale mwisho Kipaza, kaitwa kutoa ushahidi wa siku ile ya kusoma orodha. Kipaza hakunisalimu. Mdogo wangu alikuwa mchangamfu. Shati limepigwa pasi. Kaninunulia mkate na maji ya chupa, akanifungulia kifuniko. "Unakumbuka?" akanong'ona. Nikasema ng'ambo ya mto. Akanipigapiga mkono. Yeye kaitwa kwanza.

Ukuta wa chumba kile ni wa mbao, haufiki darini. Mwanzoni nilisikia viti, karatasi, kikohozi. Baadaye nikamsikia yeye, vizuri kabisa, kwa sauti ile ya mafunzo anayowaambia wakulima wasipande mbegu za msimu uliopita.

Alisema fomu ililetwa na dada yake ikiwa imeshajazwa. Alisema ni dada yake mkubwa, kamlea, asingeweza kumpima shamba kama mgeni. Alisema dada ni katibu wa kikundi, mtu wa kuandika barua, anazijua karatasi kuliko yeye. Mkaguzi akauliza: na ile laini ya simu? "Ya kwake. Iko kwa jina lake. Angalieni wenyewe." Akauliza: wewe ulinufaika na nini? "Jogoo. Alikuwa ananipa jogoo, kila msimu. Nilidhani ni mapenzi."

Nilidhani ni mapenzi!

Sikulia. Nilitazama chupa ya maji. Nilisoma maandishi yake yote, mpaka tarehe ya kuharibika.

Kwa hiyo lile la ng'ambo ya mto halikuwa la kumwokoa tu. Lilikuwa la kuthibitisha. Mimi niingie nijitie kamba, nimkute yeye keshaifunga juu. Nikisema nilikodi, nimekubali fedha. Nikisema sikukodi, nani ataniamini, fomu yangu, laini yangu, kitambulisho changu, mbolea yangu shambani? Na nilivyoruka ule mstari, watu sitini waliona. Shahidi wake yuko hapa, kwenye benchi langu.

Kipaza naye kasikia kila neno. Kageuka, ananitazama. Sijui anatazama mwizi au anatazama mjinga.

Mdogo wangu katoka. Akaniinamia sikioni, nikasikia harufu ya sabuni, ile ile tunayonunua wote.

"Usiogope, dada. Nimeshakusemea."

Ndiyo. Umenisemea. Nimesikia.

Sasa kakaa benchi la mbele yangu, miguu kainyoosha, anapangusa vumbi kwenye kiatu. Kaniangalia, katabasamu, kakunja ngumi kidogo: jikaze. Nikimtazama hivi bado naona mtu aliyesimama mbele ya baba wadogo. Ni yeye yule yule. Sijui nimtoe wapi mmoja nimwache mwingine.

Mlango unafunguka. Mkaguzi ana karatasi mkononi, anasoma jina langu. Lote. Tena.

Mdogo wangu ndiye aliyeitika: "Yupo!"